Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Aghalabu methali hii tunaitumia kumsuta mtu asiye na huruma, na maneno huishia hapo. Lakini mimi nadhani ndani yake mna swali gumu zaidi, ambalo ningependa tulifikiri pamoja, ndugu msomaji. Mzigo unapomzidi mtu, ni wajibu wa nani kulijua jambo hilo? Ni wajibu wake yeye aseme, au ni wajibu wa yule aliyemtwika aulize?

Kazi yangu ndiyo iliyonitia katika fikra hizi. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, na sehemu moja ya kazi hiyo ni kupanga swichi zinazogawa maombi baina ya seva. Nitaieleza kwa ufupi. Ofisi inayohudumia watu wengi haiwezi kutegemea seva moja. Huweka kundi la seva, tuseme nne, zinazoweza kutoa huduma ileile. Mbele ya kundi hilo husimama swichi yenye anwani moja inayojulikana na watu wote. Ombi likifika, swichi ndiyo huamua ni seva ipi ilipokee, na mwombaji hana habari ya uamuzi huo.

Kanuni nyepesi kuliko zote ni ya zamu kwa zamu: ombi la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa seva ya pili, na kuendelea. Huo ni usawa mtupu. Lakini seva hazilingani kwa nguvu, na maombi nayo hayalingani. Moja ni la kusoma ukurasa mmoja, jingine ni la kupekua kumbukumbu za miaka kumi. Ndiyo maana mfumo wa Linux Virtual Server, ulioanzishwa na Wensong Zhang mwaka 1998, una njia ya kuipa kila seva uzito wake, ili yenye nguvu ipate zaidi. Hapo hapana la ajabu. Mama anayewagawia wanawe ndoo za maji hufanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Ugumu huanza kwenye kanuni nyingine, isemayo kwamba kazi apewe mwenye shughuli chache kwa wakati huo. Ukiitazama, unaweza kudhani kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe. Basi chukua mfano wa seva iliyopoteza mawasiliano na hifadhidata. Haiwezi kumtimizia mtu haja yake, lakini bado inawaka. Kila ombi linaloifikia hulijibu papo hapo: imeshindikana. Seva nyingine zinatumia nusu sekunde kumhudumia mtu barabara, ilhali hii humaliza kufumba na kufumbua. Ukihesabu, hii ndiyo yenye shughuli chache kuliko zote. Kwa hiyo swichi huiongezea watu, nayo huwarudisha mikono mitupu, kisha huongezewa wengine tena. Kipimo kilichowekwa kwa ajili ya haki kinawapeleka watu kwa asiyeweza, kwa sababu tu anaonekana ana nafasi.

Dawa yake ni ukaguzi. Swichi hupangiwa kuiuliza kila seva hali yake kila baada ya sekunde chache. Lakini iulize nini? Ukaguzi rahisi kuliko wote ni wa kubisha hodi tu: upo? Nayo seva hujibu: nipo. Ile niliyoieleza itajibu hivyo vizuri kabisa. Ni kama salamu zetu. Mtu mwenye homa ukimwuliza hujambo, hukujibu sijambo. Aliyefiwa husema kwanza habari ni nzuri, ndipo aongeze “ila”. Si uongo huo, ni adabu, na tunapendana kwa adabu hiyo. Lakini adabu si taarifa. Fundi mwenye busara huipa swichi ukaguzi wa namna nyingine: iombe ukurasa halisi, ule usioweza kupatikana bila hifadhidata, kisha ilitazame jibu. Seva ikishindwa mara tatu mfululizo, itolewe kwenye zamu. Ikipona, irudishiwe kazi kidogo kidogo.

Naijua familia moja ya watoto watano ambao mama yao alipatwa na kiharusi. Wanne wenye kazi waligawana gharama sawasawa, na kila aliyesikia aliusifu mgao huo. Binti wa mwisho hakuwa na ajira. Ikaonekana kwamba yeye ndiye mwenye nafasi, akaachiwa mama. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyeamka usiku kumgeuza kitandani. Kila Jumapili kaka na dada zake walipiga simu: “Hamjambo huko?” Naye alijibu: “Hatujambo, tunamshukuru Mungu.” Mwaka wa tatu binti alianguka uani. Hospitali walimkuta na shinikizo kubwa la damu ambalo halikuwa limepimwa hata siku moja. Ndugu zake walishangaa kwa dhati, wakauliza: “Mbona hakusema?”

Swali lao si la kupuuzwa. Mtu mzima ana ulimi, na hatuwezi kuishi kwa kubashiri yaliyomo vifuani mwa wenzetu. Hata hivyo, silikubali kuwa jibu. Kuelemewa huanza kwa kumwondolea mtu ule uwezo wenyewe wa kusema. Seva iliyojaa kabisa haina nafasi ya kutuma habari kwamba imejaa, na ndiyo sababu sisi mafundi hatuisubiri itulalamikie. Tunaiuliza. Na yule binti alilelewa aseme hatujambo. Alilelewa hivyo na nyumba ileile iliyokuja kumwuliza mbona hakusema.

Kwa nini basi hatuulizi inavyopasa? Nadhani sababu imo katika hesabu ndogo. Chukua seva tatu, kila moja ikifanya kazi kwa asilimia 70 ya uwezo wake. Ukiitoa moja, mzigo wake hauyeyuki, bali huzirudia mbili zilizobaki, na kila moja hutakiwa kubeba asilimia 105. Nazo zitaanguka. Kwa hiyo ukaguzi wa kweli hauna maana mahali ambapo hapana nafasi ya akiba. Anayetaka kujua kama mwenzake amechoka sharti kwanza awe tayari kupokea sehemu ya kile kitakachotuliwa. Wale ndugu wanne hawakuwa watu wabaya. Ila swali la “umelala saa ngapi jana?” lina jibu linalodai mtu apande basi, achukue likizo, akae na mama mwezi mzima. Swali la “hamjambo?” halidai kitu.

Swichi ina udhuru. Inapitiwa na mamilioni ya pakiti na haina muda wa kumjua yeyote, na jinsi inavyouliza ni jinsi ilivyopangwa na mtu. Sisi tunaowatwika wenzetu, iwe nyumbani au kazini, kwa kawaida tunawatwika watu wachache ambao majina yao tunayajua. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wajibu wa kujua ni wa aliyetwika, na hautimizwi kwa salamu. Unatimizwa kwa swali linaloweza kujibiwa “hapana”, likiulizwa na mtu aliyekwisha kutenga nafasi begani mwake kabla ya kuuliza.