Mlango wa Zaure

Mtu apitaye katika vichochoro vya mji mkongwe wa Kano, au wa Zaria, au wa Katsina, haoni nyumba. Aonacho ni ukuta wa udongo, mrefu kupita kimo cha mtu, uendao pamoja na njia hata ukakutana na ukuta wa jirani, na katika urefu wake wote hamna uwazi ila mlango mmoja, nao haumfikishi mtu nyumbani bali katika chumba chenye kiza, ambacho Wahausa hukiita zaure. Wageni wengi kutoka mbali walioutazama ukuta huo wamehukumu ya kwamba hiki ni kifungo cha wanawake, na dini ya Kiislamu ndiyo bawabu wake. Neno hilo si la kupuuzwa, nami nitalirudia. Walakini kabla ya kuuliza ukuta unamzuia nani asitoke, yatupasa kuuliza unamzuia nani asiingie, na kwa hukumu ya nani.

Zaure ina milango miwili, mmoja wa njiani na mmoja wa ndani, na mwashi hodari haiweki ikakabiliana, bali huupeleka ule wa ndani kando, hata mtu asimamaye njiani, ijapokuwa milango yote i wazi, jicho lake huangukia ukutani. Humo ndimo mgeni atoamo salamu na kungoja jawabu. Ndimo mwenye nyumba akaamo na marafiki zake, na mshona kofia afanyiamo kazi yake, na mwalimu asomeshamo watoto Kurani na watu wazima vitabu vya fikihi. Nyuma yake ni ua wa nje, wenye vyumba vya vijana waliobaleghe, na banda la farasi kwa aliye na farasi. Na nyuma ya ua huo, baada ya mlango mwingine, ndipo cikin gida, nyumba ya ndani, palipo na kisima, majiko, ghala za nafaka, turaka ambayo ni chumba cha bwana, na chumba cha kila mke mbali na mwenziwe, kwa kuwa sheria imempa kila mke haki ya makao yake. Vyombo vilivyopangwa ukutani mwa chumba hicho, mabakuli na masinia aliyokuja nayo katika harusi, ni milki yake mwenyewe, na akiachwa huondoka navyo.

Sasa, amri ambayo mjengo huu unaitii imo katika Sura ya Nur, Aya ya 27 na ya 28, na ni wajibu wetu kutazama inamsemesha nani. Haimsemeshi aliye ndani. Inamsemesha anayekuja: asiingie nyumba isiyo yake mpaka apate ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na akiambiwa arudi, arudi. Hadithi zimebainisha kwamba ruhusa huombwa mara tatu, asipojibiwa mtu aende zake, na kwamba iliwekwa kwa ajili ya macho. Naye Mtume hakuwa akisimama kuukabili mlango wa mtu, bali kando yake, kuume au kushoto. Mwashi wa Kihausa aupindaye mlango wa zaure ameitia adabu hiyo katika udongo, hata asiyeijua imlazimu. Imamu Ghazali amesimulia katika Ihya jinsi Sayyidna Umar, naye ni khalifa, alivyopanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi. Mtu yule akamjibu ya kuwa ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, khalifa amemwasi kwa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, wala hakuomba ruhusa. Mimi sijui hoja iliyo kubwa kuliko hii katika jambo la faragha, kwamba mwenye dhambi, maadamu yumo ndani ya kuta zake, ana haki ya kumshitaki Amiri wa Waumini mbele ya Kitabu kile kile wanachokiamini wote wawili.

Wala nguvu ya ukuta huo haimo katika udongo. Udongo hukandwa kwa maji na nyasi zilizokatwakatwa, ukafinyangwa kwa mkono kuwa tubali, yaani matofali yaliyochongoka mfano wa pia, yakaanikwa juani, yakapangwa safu kwa safu na kupigwa lipu. Paa huchukuliwa na azara, vipande vya mvumo ambavyo mchwa huviepuka, navyo urefu wake haupiti sana mita 2. Kwa hiyo chumba hubaki chembamba, kama vile boriti za mikoko zilivyovibana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, isipokuwa fundi awe mfano wa Babban Gwani, aliyejenga msikiti wa Ijumaa wa Zaria katika karne ya 19, ambaye aliziunganisha azara na udongo hata zikawa matao ya kubeba kuba. Mvua hula lipu mwaka kwa mwaka, na mwaka kwa mwaka hupigwa nyingine, ikichanganywa na maji ya maganda ya mti wa dorawa ili isimumunyike upesi. Ukuta wa namna hiyo mtu mwenye jembe angeutoboa kwa muda mfupi. Ikiwa basi umesimama vizazi kadha bila kutobolewa, ni kwa sababu wapitao njiani wamekubali kuzuiwa nao. Leo katika mitaa mipya kuta hujengwa kwa matofali ya saruji na lango la chuma, na pengine pasiwe na zaure. Mimi naona kwamba ukuta huo, kwa uimara wake wote, unamjua mwizi tu, na mgeni mwema hakuwekewa mahali pa kungojea.

Lakini neno la wale wageni bado lipo, na haki ni kulijibu. Tarehe ya Kano humtaja Muhammad Rumfa, aliyetawala tangu 1463 hata 1499 na kujenga jumba ambalo mpaka sasa ni makao ya wafalme wa Kano, kuwa ndiye aliyeanzisha kulle, desturi ya kuwatawisha wake. Desturi hiyo ilisimama juu ya mabega ya watumwa, wanaume kwa wanawake, waliolima, wakateka maji na kukata kuni ili mke wa bwana asitoke; na utumwa ulipodhoofika katika karne ya 20, kutawishwa kukaenea mashambani, mpaka mwanamke ambaye mama yake alikuwa mtumwa akakuona kutawishwa huko kuwa ni alama ya uungwana wake. Hapo amri iliyomfunga mgeni ilikuwa imegeuzwa ikamfunga mwenyeji, na mimi sioni katika Aya zile mbili neno moja lililoruhusu kugeuzwa huko.

Shehu Usman dan Fodio, aliyeanza jihadi yake mwaka 1804, na ambaye hakuna awezaye kumshuku kuwa mlegevu wa dini, aliwalaumu vikali wanavyuoni waliowaacha wake zao na binti zao katika ujinga, akawaonya wanawake wasiwasikilize wale wawahimizao kuwatii waume bila kuwakumbusha kwanza kumtii Mungu na Mtume wake. Binti yake Nana Asma'u, aliyezaliwa 1793 na kufa 1864, alikusanya wanawake, aghalabu watu wazima waliokwisha kupita umri wa kuzaa, pamoja na wasichana, wakaja kwake makundi kwa makundi kutoka vijijini, kila kundi na kiongozi wake aitwaye jaji, wakasoma kwake kisha wakarudi kuwasomesha walio ndani. Na Polly Hill, aliyechunguza kijiji cha Batagarawa karibu na Katsina, alieleza mwaka 1969 jinsi wanawake waliotawishwa walivyokuwa wakiuza nafaka na mafuta ya karanga kutoka nyumbani mwao, watoto wakiwa ndio wajumbe wao, hata biashara ya nafaka ya kijiji ikawa kwa sehemu kubwa mikononi mwao.

Kwa hiyo fakihi wa leo atakaye kuutetea ukuta, na autetee kwa hoja yake iliyo sahihi, nayo ni haki ya aliye ndani asiingiliwe wala kuchunguliwa. Bali akitaka kuutumia huo huo kumzuia binti asiende chuoni, ajue kwamba hoja yake itamkuta Shehu amekwisha kuijibu, kwa wino na kwa binti yake mwenyewe.