Amana ya Pumzi: Wajibu wa Wenza Chini ya Maji

Anayezamia kwa burudani hufundishwa tangu mwanzo kushuka na mwenza. Sababu yake ni ya kimwili kabla ya kuwa ya kimaadili. Mita 20 chini ya uso wa bahari shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, kwa hiyo kila pumzi hula hewa ya mtungi mara tatu zaidi. Hewa ikiisha, au kipumulio kikiharibika, msaada ulio karibu kabisa ni kipumulio cha akiba kilichobanwa kifuani mwa mwenzake. Kabla ya kipumulio hicho cha pili kuwa jambo la kawaida, wawili walipokezana kimoja: pumzi mbili huyu, pumzi mbili yule, mpaka juu. Swali la kifalsafa linaanzia hapo. Anayeweka pumzi yake mikononi mwa mwingine amempa nini hasa, na aliyepokea anadaiwa nini?

Annette Baier, mwanafalsafa mzaliwa wa New Zealand, katika makala yake ya 1986 alitenganisha kutegemea na kuamini. Kwake, kumwamini mtu ni kukubali kujiweka mahali anapoweza kukudhuru, huku ukitarajia kuwa hatakudhuru. Ndiyo maana kitu tulichokitegemea kikishindwa tunasikitika tu, ilhali tuliyemwamini akitutupa tunajiona tumesalitiwa. Tofauti hiyo huonekana vizuri kwenye miamba ya Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, ambako boti za Nungwi na Matemwe huwapeleka wageni, wakiwamo walio kwenye fungate. Geji ya hewa ikisoma vibaya, bibi harusi atakilaumu chombo, au aliyemkodisha. Lakini bwana harusi akimfuata kasa na kamera yake, akakumbuka kugeuka nyuma baada ya dakika tano, hakuna kilichovunjika wala aliyeumia. Hata hivyo wakifika juu ataambiwa neno, na ni haki yake aambiwe.

Ikiwa kuamini ndiko huko, ukaguzi kabla ya kushuka unaonekana kama shaka. Botini kila mmoja hupitia vifaa vya mwenzake: jaketi la kuelea linajaa na kutoa hewa, mkanda wa risasi unafunguka upesi, vifungo vimekaza, mtungi umefunguliwa. Kwa hilo la mwisho, mmoja huvuta pumzi kadhaa kwenye kipumulio huku macho yakiwa kwenye geji. Mshale ukishuka kila pumzi inapovutwa kisha ukarudi, vali haijafunguliwa sawasawa. Wapenzi ni wepesi wa kuliruka zoezi hili, maana kumpekua mume mbele ya watu kunafanana na kumshuku. Dhana hiyo imekwisha kujibiwa zamani. Katika hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Kama kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuiondoi kamba, sembuse kumtegemea mume, ambaye huenda mwenyewe hajui kuwa vali yake imefunguka nusu.

Je, mapenzi yanaongeza chochote kwenye wajibu huu? Mzamiaji aliyekuja peke yake hupangiwa mtu asiyemjua hata jina, na kila mmoja anadaiwa na mwenziwe hewa ileile ambayo mume anadaiwa na mkewe. Kinachobadilika ni sababu ya kuitoa. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alijadili kisa cha mtu anayeona wawili wakiangamia, mmoja wao mkewe, na uwezo wake ni wa kumwokoa mmoja tu. Akijiambia kwamba huyu ni mke wangu, na katika hali kama hii maadili yanaruhusu mtu amwokoe mkewe, Williams anasema amewaza wazo moja la ziada: kuwa mkewe kulitosha.

Kuhusu sababu ya kuokoa, hoja hiyo haina kasoro. Ila bahari inadai wazo la aina nyingine, linalohusu namna ya kuokoa. Wazamiaji hufundishwa kusimama, kupumua, kufikiri, ndipo watende. Anayemrukia mwenzake aliyepatwa na taharuki huweza kung'olewa miwani na kipumulio, wakawa wawili wa kuokolewa. Anayemvuta juu kwa kasi ilhali pumzi imebanwa huweza kumpasua mapafu, kwa kuwa hewa hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua. Mapenzi peke yake hayamwambii mtu apande kwa kasi gani.

Mtihani mgumu kuliko yote ni kupoteana. Kanuni ya kawaida ni kutazama huku na huku kwa muda usiozidi dakika moja, kisha kupanda taratibu na kukutana juu. Kwa mtu na mpenzi wake, agizo hilo lina ukatili ndani yake. Lakini ukatili huo una mantiki yake. Mwanafalsafa David Hume, katika karne ya 18, alitaja watu wawili wanaopiga makasia ya mashua moja kwa mwafaka bila kuahidiana lolote. Kila mmoja huvuta kwa kuwa mwenziwe naye anavuta. Waliopoteana baharini hawaonani, hivyo mwafaka wao lazima uwe umefungwa kabla ya kushuka. Mume akibaki chini akitafuta, mke aliyefuata kanuni atakuwa juu akingoja, kisha moyo utamtuma arudi chini. Hewa ya wote wawili inapungua, na upendo wa kila mmoja unampeleka mbali na mwenzake. Anayepanda kwa wakati hajamtelekeza mtu: anakwenda mahali pekee ambapo ana sababu ya kutaraji kumkuta. Na mwenzake asipotokea, ni huko juu aliko nahodha na wazamiaji wengine wanaoweza kuanza kumtafuta kwa mpango.