Yesu Anakuja Karibu. Je, Niache Shule?

Andiko la wiki: Luka 19:11-27, 2 Petro 3:8-9



Mwaka jana nilihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya kurudi kwa Bwana. Nilihubiri kwa moto. Watu walilia, wengi wakaja mbele kuombewa, na mimi nikaenda nyumbani nikijua nimefanya kazi nzuri. Wiki tatu baadaye, mama mmoja anayeuza mboga kule Kayole alinisubiri nje baada ya ibada.

"Pasta," akasema, "kijana ameacha kozi."

Kijana wake alikuwa mwaka wa pili, anasomea umeme kwenye chuo cha ufundi. Fee ya muhula ilitoka kwa chama cha kina mama, zamu ya mama yake ilipofika. Sasa kijana anakaa tu nyumbani, anafunga na kusoma Ufunuo. Anasema cheti ni cha nini kama Yesu anakuja wakati wowote. Mama hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Wewe ndio ulimwambia. Sasa nisaidie. Aache, ama asiache?"

Nilitaka kumwambia kijana hakunielewa. Lakini nilipokumbuka mahubiri yangu, nikaona alinielewa vizuri sana. Nilisema Bwana anaweza kuja usiku wa leo. Sikusema kama hajaja, asubuhi tuamke tufanye nini.

Swali la huyo mama si dogo. Kama kweli naamini anaweza kuja leo, kupanga mambo ya miaka mitano si ni kukosa imani? Mimi nimesomea biashara. Kupanga ndiyo kitu cha kwanza tulichofundishwa. Ikabidi nirudi kwa Neno nikiwa mwanafunzi.

Luka anatuambia kwa nini Yesu alitoa ule mfano wa mafungu ya fedha. Walikuwa wanakaribia Yerusalemu, na watu walidhani ufalme unatokea papo hapo. Yaani aliwaambia watu waliokuwa na haraka kama yule kijana! Na mle ndani bwana anayesafiri hawaachii watumwa wake tarehe ya kurudi. Anawaachia mtaji. Kila mmoja anapewa mina moja, kama mshahara wa kibarua wa siku mia moja hivi. Wewe unayeamka kwenda kutafuta kibarua Industrial Area, piga hesabu. Aliporudi, hakuuliza nani alikisia siku vizuri. Aliuliza umefanya nini na kile nilichokuachia. Aliyekemewa ni yule aliyefunga pesa kwa kitambaa akakaa akingoja.

Tukikataa somo hili, tunajua mwisho wake, maana si mbali na sisi. Kule Kanungu, Uganda, watu walingoja dunia iishe mwaka 1999 ukifungwa. Mwaka 2000 ukaingia kama kawaida. Tarehe 17 Machi mwaka huo, mamia ya watu wakateketea ndani ya jengo la ibada. Hapa kwetu, Aprili 2023, makaburi yalianza kufukuliwa msitu wa Shakahola, Kilifi. Miili ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Manusura walieleza kwamba walifunga chakula ili wakutane na Yesu. Kesi ni ya mahakama, siihukumu mimi. Lakini najua msiba kama ule hauanzi msituni. Unaanza na mambo madogo: mtoto anatolewa shule, kazi inaachwa, shamba linauzwa, na kila mtu anasema ni imani. Ndiyo maana maneno ya yule mama yaliniogopesha.

Lakini tusiwacheke wenzetu, maana kuna kosa la upande wa pili, na hapa Eastlands ndilo limetujaa. Luka 12 inamtaja mtumwa aliyejiambia bwana anakawia, akaanza kupiga wenzake na kulewa. Huyo ni mimi na wewe tukipunja mteja kwa mizani, tukila pesa ya chama, tukimzungusha house help mshahara wake, tukijua hakuna wa kutuuliza mwezi huu. Mmoja anasema najua anakuja lini. Mwingine anasema najua haji sasa. Wote wawili wamejipa kazi ya kumpangia Bwana ratiba.

Mwenye duka mwaminifu hajui mkaguzi wa hesabu atakuja lini, na hana shida. Vitabu vyake viko sawa Jumatatu, viko sawa Ijumaa. Anafungua duka na anaagiza mali ya mwezi ujao.

Na kwa nini Bwana hajaja bado? Petro anasema si kuchelewa, ni uvumilivu, kwa sababu hataki mtu apotee. Angekuja miaka ishirini iliyopita, mimi nilikuwa mtoto wa mtaa asiyetaka kusikia habari ya wokovu. Muda tunaoulalamikia ndio uliotuokoa.

Nilienda kumwona yule kijana. Nilimwambia nilimhubiria nusu, nikamwomba msamaha. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na akija nikiwa kwa mtihani?" Nikamjibu, "Basi akupate unaandika majibu yako mwenyewe." Alicheka. Alirudi chuo, lakini muhula mmoja ulipotea, na pesa ya wale kina mama haikurudi. Deni hilo nalihesabu kuwa langu.

La kufanya wiki hii: chagua jambo moja uliloliacha ukisema "Yesu anakuja," au ulilolichafua ukisema "haji leo." Lirekebishe kabla ya Jumapili.

Tuombe: Bwana Yesu, njoo. Na mpaka uje, tukute kazini, na mikono yetu ikiwa safi. Amina.