Theluji Nusu, Barabara Nzima

Wanangu wa Aurora, nimesikia mnachanga pesa ya petroli. Arapahoe Basin wamewasha mashine za theluji, Loveland nao hawataki kuachwa, maana karibu kila mwaka vituo hivi viwili vya skii hushindania kufungua kwanza, mara nyingi Oktoba ikiwa haijaisha. Siwazuii kwenda. Ila mjue kwamba msimu unapoanza mnapewa theluji nusu, na barabara mnapewa na hatari zake zote.

Nianze na huko mlimani, nipite haraka. Usiku baridi ikikaza, mashine hurusha maji pamoja na hewa ya kusukumwa, matone yakaganda kabla hayajatua. Siku kadhaa baadaye kuna njia moja nyeupe, na kando yake ni nyasi, visiki na mawe. Kwenye njia hiyo moja hujazana kila mtu wa Denver aliyeshikwa na hamu tangu theluji ya mwaka jana ilipoyeyuka: fundi anayeshuka bila kupunguza mwendo, na wewe uliyevaa viatu vya skii kwa mara ya kwanza jana. Mkikuta kamba imefungwa, msiiruke. Ng'ambo ya kamba theluji hufunika mawe kidogo tu, yasionekane. Na juu zaidi, kwenye kivuli, theluji ya kwanza ikikaa wiki kadhaa chini ya anga safi lenye baridi hugeuka punje punje kama sukari, isiyoshikana. Ikija nyingine nzito ikakaa juu yake, mteremko mzima unaweza kuporomoka na waliomo.

Sasa barabara. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu barabara kuu ya I-70 nimeiendesha nikipeleka abiria, na sijaona watu wengi wakiumizwa na skii kama nilivyoona magari mtaroni.

Sheria ya Colorado inasema hivi: kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kila gari dogo liwe na tairi zinazofaa, mifereji yake ikiwa na kina kisichopungua milimita 5 hivi, au libebe minyororo. Ukikamatwa huna, faini inapita dola 100. Ukikwama ukafunga barabara, inapita dola 650. Lakini acheni faini. Chuchumaeni mtazame tairi. Ile gari ya binamu yenu mnayotaka kuazima nimeiona pale msikitini. Tairi zote zimebaki vipara. Mtaniambia, "Mzee, hiyo inavuta magurudumu yote manne." Ni kweli, na itaondoka vizuri kwenye taa kuliko wenzake. Kusimama ni kazi ya tairi, na hapo magurudumu manne yenye vipara ni vipara vinne. Upepo wa tairi nao hupungua baridi ikiingia, kwa hiyo upimwe asubuhi ya safari, na maji ya kioo yawe yale ya baridi. Yale ya kiangazi yataganda kiooni lori likiwa limekurushia tope la chumvi, na hutaona kitu.

Kuna handaki la Eisenhower, kimo cha kama mita 3,400. Mnaweza kuingia upande wa mashariki lami ikiwa kavu na jua linawaka, mkatoka upande wa magharibi ndani ya dhoruba, na kutoka hapo ni mteremko mkali hadi Silverthorne. Shusheni gia kabla ya mteremko, si katikati yake. Madaraja huganda kabla ya barabara yenyewe. Gari la kukwangua theluji likiwa mbele, kaeni nyuma yake. Hakuna barabara nzuri kuliko ile linayoitengeneza. Na wakifunga njia mkakaa kwenye foleni usiku, msilale injini ikiunguruma bila mtu kutoka kwanza kuondoa theluji kwenye bomba la moshi. Sumu iliyomo kwenye moshi ule haina harufu ya kukuamsha.

Jambo la mwisho wengine huku hawalitaji, maana haliwahusu sana. Mkipita njia ya Loveland Pass mtafika mita 3,655. Waliopanda Kilimanjaro wanaijua kambi ya Horombo. Ni karibu kimo hicho hicho, ila mpandaji hulala kambi ya chini, Mandara, kwanza, ninyi mtafika kwa saa moja na nusu mkila chipsi. Wengine wataumwa kichwa tu. Lakini baadhi yetu sisi watu wa Kigoma, Bukavu na pwani tumebeba selimundu katika damu zetu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabla ya kuongea na daktari wake. Hata aliyerithi upande mmoja tu, asiyeumwa maisha yake yote, anaweza kushikwa na maumivu makali ya bandama, chini ya mbavu za kushoto, akipanda juu hivyo. Akishikwa, msimpe dawa ya kichwa mkaendelea kuteleza. Mshusheni na kumpeleka hospitali, na huko mseme neno selimundu kabla hamjaulizwa. Watoto waliozaliwa hapa hupimwa wakiwa wachanga. Ninyi mliozaliwa kambini Nyarugusu, waulizeni mama zenu, na wasipojua, kapimeni.

Mngeniuliza mimi, ningesubiri Desemba. Kwa kawaida basi la jimbo la Snowstang huanza mwezi huo, dereva ni mtu wa kazi hiyo, njia za mlima zimefunguka nyingi, na mnaweza kulala mkirudi. Picha zitakuwa nzuri vile vile, ingawa hamtakuwa wa kwanza kuzirusha.

Kama hamwezi kusubiri, ondokeni kumekucha, mrudi kabla ya giza, na anayeendesha asiguse bia hata moja. Hiyo gari ya binamu mniletee Ijumaa jioni. Kipimo cha tairi ninacho, na nyuma ya nyumba nina seti ya minyororo. Nitawafundisha kuifunga hapo hapo, mikono ikiwa bado na joto.