Joto Lisilo na Sauti, Je, Ni Hasara?

Twataka kutafakari pamoja nanyi neno moja: nguvu itumikayo bila faida yake kuonekana, je, imepotea bure? Mfano wetu twautwaa katika redio za zamani za valvu, zile zilizosikilizwa Unguja na Pemba wakati Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951.

Valvu ni chupa iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi mdogo upashwao moto hata uwe mwekundu, maana pasipo joto hilo elektroni hazitoki, wala redio haisemi neno. Valvu ya mwisho ndiyo iisukumayo spika, nayo hupata moto mwingi kuliko wenzake. Tuitazame ile iitwayo 6V6. Uzi wake hula karibu wati 3. Bamba lipokealo elektroni, kwa volti 250, hupewa kama wati 11. Na katika hizo, ziifikiazo spika ni kama wati 4 na nusu tu, hata sauti ikiwa kubwa. Zilizosalia ni joto.

Tena liko jambo la ajabu. Valvu itumikayo kwa namna iitwayo daraja A hula karibu nguvu ile ile, msemaji akisema au akinyamaza. Akipaza sauti, sehemu ya nguvu huenda kwenye spika, na bamba hupoa kidogo. Akinyamaza, wati zile 11 zote hugeuka joto. Basi valvu huungua zaidi wakati wa kimya.

Mtu wa hesabu atasema, "Huu ni ubadhirifu." Nasi hatumdharau, maana siku zile vijiji vingi vya Pemba havikuwa na umeme, na betri ilinunuliwa kwa fedha ya karafuu. Kwa ajili ya watu wa betri, mafundi wa miaka ya 1930 walitumia njia nyingine, daraja B: valvu mbili hupokezana kazi, na wakati wa kimya hupumzika, hazili ila kidogo. Hiyo ni akiba njema. Lakini zikipumzishwa kupita kiasi, sauti hukwaruza pale zinapopokezana. Na iumiayo zaidi ni sauti ndogo, wala si kuu. Kwa hiyo mafundi wengi walishika njia ya katikati, wakaziachia valvu mkondo kidogo hata katika kimya.

Hapo twaliona jibu. Joto la kimya si hasara yote. Ni bei ya kuwa tayari. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha ulijengwa mwaka 1900, kaskazini mwa Pemba. Taa ya namna hiyo huwashwa hata usiku usiopita chombo. Nani atasema kwamba mwanga wa usiku ule umepotea? Ndivyo alivyo mkunga akeshaye karibu na mjamzito, naye usiku kucha hakuitwa. Angoja aitwe ndipo ajitayarishe, huenda akachelewa kumfaa mtu.

Illa tusilifanye joto lenyewe kuwa sifa. Valvu isiyorekebishwa vema huweza kuwa nyekundu bamba lake mpaka ikafa, na sauti yake isiongezeke hata kidogo. Na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma juu ya matundu yake hujiunguza yenyewe. Vivyo hivyo mtu ajichoshaye bila kiasi, asiyepewa nafasi ya kupumua, hawi mtumishi bora kwa sababu ya jasho lake.

Basi, tunapoipima kazi ya mwenzetu, tusihesabu sauti peke yake, wala tusihesabu joto peke yake. Tuulize hivi: mnyonge akinong'ona leo, je, atasikiwa? Kama joto lile ndilo limfanyalo asikiwe, tusilionee uchungu. Kama sivyo, ni haki kulipunguza, maana yuko mtu ailipiaye betri.