Sauti Iliyokatwa Kilele

Mzee mmoja wa kanisa letu husema gita linalokwaruza halifai ibadani, kwa kuwa Mungu husifiwa kwa sauti safi. Mimi, mpiga gita wa kwaya niliyejilehemia pedali ya ovadraivu, namheshimu ila sikubaliani naye.

Ndani ya kasha langu mna betri ya volti 9, chipu moja ya kukuza mawimbi na diodi mbili za silikoni zilizofungwa sambamba, kila moja ikielekea upande wake. Wimbi likifika kama volti 0.6, diodi hupitisha umeme na kilele hukatwa. Hapo huzaliwa sauti za juu ambazo nyuzi hazikuzitoa.

Je, huo ni uongo? Basi gita la umeme lote ni uongo, maana bila amplifaya ni mnong’ono tu. Link Wray wa Marekani alitoboa spika zake ili kupata mkwaruzo wa “Rumble”, santuri ya mwaka 1958. Alijua alichokitafuta.

Diodi haina nia. Nia anayo mpigaji. Anayepiga ili asifiwe yeye ndiye mwenye sauti chafu, hata bila pedali. Wazee wetu, tupimeni mioyo kwanza, vifaa baadaye.