Je, Samaki Husikia Maumivu?

Walimu wenzangu, miongoni mwa sentensi ambazo sisi tufundishao Kiswahili huku Arua na Koboko huzisahihisha kila muhula ni hii: "Samaki hii imekufa." Mwanafunzi aliyejifunza lugha sokoni huandika hivyo, nasi humwelekeza aandike "Samaki huyu amekufa", maana samaki yumo katika ngeli ya a-wa pamoja na mtu, mbuzi na kuku. Yafaa tujiulize: je, kumweka samaki katika kundi hilo ni kukiri kwamba naye husikia maumivu kama sisi?

La, sarufi peke yake si ushahidi. Angara aliyevuliwa Ziwa Albert, akatiwa chumvi na kukaushwa, bado twamwita "huyu" tunapomnunua, wala hapana mtu adhaniye kuwa anaumia. Hata hivyo, lugha yatusaidia kulipanga swali sawasawa. Twasema "mguu umeumia", lakini asikiaye maumivu si mguu, bali ni mwenye mguu. Basi hatuulizi kama mdomo wa samaki huumia unapochomwa na ndoana. Hilo li wazi. Twauliza kama yumo mwenye mdomo, anayeyasikia maumivu hayo.

Wataalamu wamegawanyika. Mwaka 2002 James Rose wa Marekani alitoa hoja kwamba samaki hana lile gamba la nje la ubongo ambalo kwa binadamu ndilo liletalo utambuzi wa maumivu. Kwa hiyo kufurukuta kwake ni mstuko wa mwili tu, kama mtu auondoavyo mkono motoni kabla hajajua kuwa ameungua. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti wakachapisha majaribio yao juu ya samaki aitwaye trauti. Walikuta usoni mwake neva zinazoitikia vitu vyenye kudhuru. Wakawadunga baadhi yao sumu ya nyuki au asidi ya siki midomoni. Samaki hao wakakawia sana kurudia chakula kuliko wenzao waliodungwa maji ya chumvi, na waliodungwa asidi wakaisugua midomo yao kwenye changarawe. Walipopewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu, vitendo hivyo vikapungua.

Mjadala haujafungwa. Lakini mstuko mtupu huisha mara. Hauachishi chakula kwa muda mrefu, wala haumfundishi mtu kusugua penye kidonda. Na hoja ya ubongo ina udhaifu wake: kuku naye hana gamba lenye umbo kama letu, wala hatusiti kusema kwamba kuku huumia. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayowahesabu wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwamo, kuwa viumbe wenye hisia.

Nasi tunalo la kutenda hata kabla wataalamu hawajapatana. Samaki wengi wauzwao huku kwetu wamekwisha kukaushwa. Bali kambare wa mabwawani huuzwa wazima, wakiwa katika beseni. Kambare anacho kiungo cha kuvutia hewa karibu na matamvua yake, hivyo aweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi asife. Sifa hiyo yampendeza mchuuzi asiye na jokofu, na mnunuzi naye huiona kuwa dhamana kwamba samaki hajaoza. Lakini kama kambare husikia maumivu, basi uhodari huo ndio umrefushiao mateso, kwani hupasuliwa tumbo angali akivuta hewa. Pigo moja zito la rungu kichwani, kabla ya kisu, lingemwondolea hayo, wala halipunguzi nyama wala bei.

Wapo watakaosema kwamba katika nchi iliyowapokea waliokimbia vita, kama wale wa makazi ya Lobule huko Koboko, kumhurumia samaki ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, wala simwambii mwenye njaa aache kula samaki. Ila pigo hilo moja halimnyang'anyi mkimbizi kitu. Posho yake haipungui. Wahenga walinena, "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu." Waliwalenga watu wayaonao mateso ya wengine kuwa mepesi, na aliyepata kuteswa huielewa methali hiyo upesi kuliko sisi. Ikiwa samaki hasikii, tumepoteza pigo moja tu. Ikiwa husikia nasi tukapuuza, tumemtesa kiumbe bila faida yoyote.

Kwa hiyo tusiwaambie wanafunzi kwamba sarufi imelimaliza swali hili. Tuendelee kuwasahihisha, "samaki huyu", kisha tuwaache waulize sababu. Na mtoto atakapotumwa kuleta kambare wa jioni, ajue la kutangulia kabla ya kisu.